Mali ya Mwingine Mkononi Mwako
Somo: Luka 16:10–12



Sisi Wakenya tumezoea kwamba kila matatu ina kondakta. Yeye ndiye apokeaye nauli, na yeye ndiye tumdaiye chenji. Lakini katika mji wa Johannesburg, Afrika Kusini, nilikoishi miaka 2 nikiwa masomoni, magari ya namna hiyo huitwa teksi, na kwa kawaida hayana kondakta. Abiria husimama kando ya barabara na kuonyesha safari yake kwa mkono. Kidole kimoja kikielekezwa juu, maana yake anakwenda mjini. Ndani huketi abiria kama 15, bega kwa bega.

Nauli je? Walio nyuma huchanga za safu yao, wakazipitisha mbele mkono kwa mkono, wakitaja tu ni za watu wangapi. Aketiye kando ya dereva huzihesabu zote, na chenji hurudi kwa njia ile ile. Wengi hukikwepa kiti hicho, maana fedha zikipungua, yeye ndiye wa kuulizwa.

Kumbukeni pia kwamba mwezi wa Mei 2008, watu zaidi ya 60 waliuawa nchini humo katika ghasia dhidi ya wageni, zilizoanzia Alexandra, papo hapo Johannesburg. Kwa hiyo mgeni hupanda gari akiogopa hata kufungua kinywa, kwa kuwa ulimi wake utamtambulisha. Hata hivyo, mara nyingi fedha za watu nisiowajua ziliwekwa kiganjani mwangu, wala sikuulizwa kwanza natoka nchi gani. Nilitakiwa jambo moja tu: nizipitishe.

Ndugu zangu, Bwana Yesu anatufundisha kwamba uaminifu hupimwa kwa kitu kidogo, tena kwa kitu kilicho cha mwingine. Katika gari lile mkono mmoja ukifumba, mama wa kiti cha nyuma ataaibika kana kwamba hakulipa, naye amelipa.

Je, wewe mweka hazina wa chama cha akina mama, michango imefika? Wewe uliyeachiwa shamba la marehemu ndugu yako, mayatima wanakula mazao yake? Mali hiyo si yako. Inapita tu mkononi mwako, na mwenyewe anaingojea. Na yule mgeni aliyehamia mtaani kwenu, je, umempa nafasi naye aaminiwe?

Tuombe. Ee Mungu Baba, uliyeweka mengi mikononi mwetu, utufungue viganja, ili kila kilicho cha mwenzetu kimfikie kikiwa kamili. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.