Mboga Hai Kando ya Kibanja

Izimbya, Bukoba Vijijini, migomba na mibuni hukaa pamoja kwenye kibanja kinachozunguka nyumba. Kwa vizazi vingi kibanja kimelishwa samadi ya ng'ombe na nyasi zilizokatwa kwenye rweya, mbuga iliyo nje ya makazi. Mkulima anayetaka mboga zisizo na sumu za viwandani haanzi upya. Utaratibu huo aufikishe tu kwenye tuta la nyanya.

Penye makosa mengi ni samadi. Ikiwekwa mbichi huunguza miche, huleta mbegu za magugu na vijidudu vya maradhi, hatari kubwa kwa mchicha unaovunwa mapema. Irundikwe kwa tabaka: majani makavu, majani mabichi ya alizeti pori, samadi, majivu kidogo. Inyunyiziwe maji, ifunikwe kwa majani ya mgomba, igeuzwe kila baada ya wiki mbili au tatu. Fimbo iliyochomekwa katikati ikitoka na joto, mboji inafanya kazi. Ikitoka baridi na kavu, inadai maji.

Nyanya zisifuatane na bilinganya wala viazi mviringo katika tuta moja, kwani hushambuliwa na magonjwa yale yale. Maharage yashike zamu.

Soko nalo lina masharti. Viwango vya kilimo hai vya Afrika Mashariki vilipitishwa mwaka 2007, pamoja na nembo ya Kilimohai. Wakulima wadogo wanaweza kukaguana kwa vikundi, njia nafuu kuliko kila mmoja kulipia mkaguzi wake. Daftari ndilo huulizwa kwanza: kilichopandwa, lini, tuta gani, na samadi ilitoka zizi lipi.