Mgeni Aliyevunja Kiota

 

Leo nawaletea hadithi. Mmarekani Peter Brown aliitoa katika kitabu mwaka 2016. Mwaka 2024 ikawa filamu. Ni hadithi ya roboti, ndiyo kusema mashine inayotembea, inayosema na kujifunza kama mtu. Jina lake Roz. Meli iliyombeba ilizama, mawimbi yakamtupa kwenye kisiwa cha wanyama watupu. Hakuchagua kufika pale. Wanyama walimwita dubwana, wakamkimbia.

Roz hakuwalazimisha. Aliwatazama na kuwasikiliza siku nyingi, mpaka akajua lugha yao.

Lakini hapa sikilizeni vizuri. Siku moja Roz alianguka toka kwenye mwamba, akaponda kiota cha bata-mwitu. Wazazi wakafa, likabaki yai moja. Hakukusudia. Angeweza kusema: «Mimi pia nimeteseka.» Hakusema hivyo. Alilitunza yai, akamlea kifaranga kama mtoto wake. Bata mzee akamshauri, wengine wakamsaidia kujenga nyumba. Baridi kali ilipokuja, Roz akawafungulia wote mlango, kwa sharti moja: humu ndani hakuna kumla mwenzako.

Wapendwa, sisi si mashine wala wanyama. Tuna sheria. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 zinasema kwamba aliyehamishwa na vita ndani ya nchi yake anabaki na haki zilezile za wananchi wengine. Lakini haki haifuti deni kwa jirani.

Wewe mhami wa vita, mtoto wako akikata mti wa mwenyeji kwa kutafuta kuni, usijifiche nyuma ya shida zako. Nenda, kubali kosa, toa siku moja ya kulima shamba lake. Nawe mwenyeji, mmoja akikosa, usiite kambi nzima wezi. Nanyi wachefu, msingojee ugomvi. Kaeni leo na pande mbili, mkubaliane juu ya kuni na zamu ya kuteka maji, mbele ya wamama, maana wao ndio wanaokutana kwenye bomba.

Kiota kilichovunjika hakirudi. Yai lililobaki linaweza kulelewa. Jioni hii, nani kati yenu atatangulia kubisha hodi kwa jirani?

Amani kwenu.