Mkahawa wa jina la kukodi: nani hulipwa kwanza?

(Maelezo ya mazungumzo na walimu na watumishi wa umma, Dodoma)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo linalowagusa hasa wale wanaokaribia kustaafu: kuchukua mkupuo wa pensheni, kuuongezea mkopo wa benki, na kufungua mkahawa wenye jina mashuhuri la kigeni. Biashara hiyo huitwa franchaizi. Kwa Kiswahili chepesi ni kukodi jina. Vyombo, mishahara ya wapishi na hasara ni vyako. Jina, mapishi na utaratibu wa kazi ni vya mwingine, nawe humlipa kwa kuvitumia.

Si haki kuanza kwa kuilaani biashara hii. Mwenye kukodi hupewa mafunzo, mapishi yaliyokwisha kujaribiwa, na wateja wanaolijua jina kabla mlango haujafunguliwa. Kwa mtu aliyeshika chaki miaka 30, msaada huo si mdogo. Lakini hatuna budi kuuliza: katika mapatano hayo, nani hulipwa kwanza?

Tutazame jinsi jambo hili lilivyokua. Mwaka 1954 Ray Kroc, mchuuzi wa mashine za kuchanganyia maziwa, aliwakuta ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, wakiendesha mkahawa wao San Bernardino, California. Alipata ruhusa ya kulikodisha jina lao, na mwaka 1955 akafungua mkahawa wake wa kwanza huko Des Plaines, Illinois. Kila mwenye kukodi alitakiwa kulipa asilimia 1.9 ya mauzo. Fedha hizo hazikutosha kuikuza kampuni. Ndipo Harry Sonneborn, mtaalamu wake wa fedha, alipobuni njia ya pili: kampuni ishike ardhi, kisha impangishe mwenye mkahawa. Tangu hapo aliyekodi jina akawa pia mpangaji. Mwaka 1961 Kroc aliwanunua wale ndugu wawili kwa dola milioni 2.7.

Zingatieni neno "mauzo". Mwenye jina hulipwa kutokana na mauzo. Mwenye mkahawa hulipwa kutokana na kinachosalia. Tuchukue mfano wa kubuni. Mkahawa unauza shilingi milioni 40 kwa mwezi. Ada ya jina ni asilimia 5, na mchango wa matangazo asilimia 4. Jumla milioni 3.6. Vyakula vinachukua milioni 13.2, mishahara milioni 10, pango milioni 4.8, umeme, gesi na maji milioni 2.4, matengenezo milioni 2. Zinabaki milioni 4, kabla ya kodi ya serikali na rejesho la mkopo.

Sasa mauzo yashuke kwa robo, yafike milioni 30. Gharama ya vyakula itapungua hadi milioni 9.9, lakini pango, mishahara, umeme na matengenezo havitapungua. Mwenye mkahawa atapata hasara ya milioni 1.8. Mwezi huo huo mwenye jina atapokea milioni 2.7. Mmoja anakula, mwingine anauza kiti alichokalia.

Wala jambo hili si la kubuni tu. Nchini Marekani kampuni ya mikahawa ya IHOP ilinunua jina la Applebee's mwaka 2007, kisha ikaiuza mikahawa iliyokuwa mali ya Applebee's yenyewe kwa wenye kukodi jina. Mwaka 2016 mikahawa hiyo iliwekewa majiko mapya ya kuchomea nyama kwa kuni ili kuvuta wateja wa hali ya juu. Wateja hao hawakuja kama ilivyotarajiwa, na wale wa zamani wakapungua. Mwaka 2017 ikatangazwa kwamba mikahawa zaidi ya 100 itafungwa. Mwezi Mei 2018 mmoja wa wakodi wakubwa wa jina hilo, kampuni ya RMH, aliyekuwa na mikahawa zaidi ya 160, aliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Uamuzi hutoka makao makuu. Deni hubaki kwa aliyekodi.

Tuje karibu na nyumbani. Januari 2022 mikahawa ya KFC nchini Kenya iliishiwa viazi vya chipsi, kwa sababu shehena kutoka ng'ambo ilichelewa. Wakati huo wakulima wa Nyandarua walikuwa na viazi mashambani. Wananchi walilalamika, na kampuni ikaahidi kutafuta viazi vya nchini. Ndugu zangu, mkataba unaomzuia mwenye mkahawa kununua kiazi cha jirani yake unamnyima mkulima soko, na humwacha mwenye mkahawa huyo mikono mitupu meli inapochelewa.

Sheria za wenzetu zimeiona hatari hii. Marekani humtaka mwenye jina atoe maelezo ya maandishi siku 14 kabla ya mkataba kutiwa sahihi. Afrika Kusini humpa mwenye kukodi siku 10 za kazi za kujitoa baada ya kutia sahihi. Hapa kwetu mkataba wa namna hii hutazamwa kwa sheria ya kawaida ya mikataba. Kwa hiyo kinga ya kwanza ni macho yako na wakili wako.

Nashauri mambo matatu. Kwanza, hesabu wateja wa mji wako mwenyewe. Hapa Dodoma usihesabu wakati wa Bunge la bajeti tu, kati ya Aprili na Juni. Hesabu pia siku ya 20 ya mwezi, mishahara ikiwa imekwisha. Pili, uliza vyakula vinanunuliwa wapi, kwa sarafu gani, na mkataba ukikoma nani anabaki na vyombo na pango. Tatu, usiweke mkupuo wote. Mali bila daftari huisha bila habari, na mkupuo haulipwi mara ya pili.

Mwisho, tukumbuke kwamba kila jina linalokodishwa lilianza kama mkahawa mmoja. Spur ilianza Newlands, Cape Town, mwaka 1967; Nando's ilianza Johannesburg mwaka 1987, kwa kuku wa pilipili wenye asili ya Msumbiji. Majina hayo yalizaliwa Afrika. Anayetaka kukodi jina na akodi, akiwa amepiga hesabu. Lakini mwenye mpishi hodari, daftari safi na wateja wanaorudi asidhani kwamba hana kitu. Huenda jina lake mwenyewe ndilo watakalokuja kulikodi wengine.