Motokaa Otomatiki Asubuhi ya Baridi

(Maneno ya mfanya kazi wa reli katika mkutano wa tawi, Bungoma)



Mimi ni mtu wa reli. Dizeli zetu za njia kuu hazina gia kama za motokaa: injini huzungusha jenereta, na umeme wake huzungusha magurudumu. Lakini leo nasema juu ya motokaa, maana ndugu yetu mmoja dereva alikuwa karibu kukatwa mshahara. Huondoka Kitale alfajiri na motokaa otomatiki ya tajiri wake. Tajiri alisikia injini inanguruma na gia haibadiliki upesi, akasema, "Umeua giaboksi, utalipa."

Sikilizeni jinsi ilivyo. Motokaa hiyo haina kanyagio la klachi. Kati ya injini na giaboksi kuna chombo kilichojaa mafuta; injini husukuma mafuta, nayo mafuta huzungusha gia. Mafuta yakiwa baridi huwa mazito kama uji uliolala, kwa hiyo gia huchelewa kuingia, na pengine hugutuka. Tena, katika motokaa nyingi, kompyuta huzuia gia kubwa kwa makusudi ili injini ipate moto upesi. Injini baridi, hata motokaa ikiwa imesimama, mara nyingi hupita mizunguko 1,000 kwa dakika. Ikipata moto hushuka kama 700 au 800. Huo si ugonjwa.

Ugonjwa ni huu: motokaa imekwisha pata moto, na bado injini yanguruma bila kwenda mbele, au mafuta yananuka kuungua, au yanavuja chini.

Nawe dereva, fanya wajibu wako. Ukiwasha, ngoja kidogo mngurumo upungue. Kanyaga breki, ndipo utie gia. Nenda polepole kilometa za kwanza, wala usikanyage mafuta kwa nguvu.

Mjumbe wetu hakugombana. Aliomba tajiri apande mwenyewe alfajiri. Motokaa ikaanza vile vile kwa kunguruma, lakini kabla ya kufika Kiminini gia zilikuwa zikibadilika taratibu. Tajiri akanyamaza, na mshahara haukukatwa.

Basi, ndugu, usitie sahihi karatasi ya kukubali kosa kabla ya kitu kupimwa, kikiwa baridi na kikiwa moto. Mwite kwanza mjumbe wa chama.