Mnara wa Chumbe

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumze jambo la historia. Nimechagua mnara wa taa wa Chumbe, kwa sababu nina deni nao.

Chumbe ni kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe, kusini ya mji wa Unguja, kando ya njia ya meli. Waingereza walijenga mnara pale mwaka 1904, na jirani yake ikawapo nyumba ya mlinzi na msikiti mdogo.

Mwaka 1926 mnara ulitiwa mitambo ya gesi ya kampuni ya AGA ya Sweden. Wanafunzi wa fizikia, hapa nataka masikio yenu. Mkuu wa kampuni hiyo, Gustaf Dalén, alibuni vali ya jua. Mchana fimbo nyeusi hupokea joto kuliko fimbo zing'aazo zilizoizunguka; hurefuka, ikaifunga gesi. Jua likichwa hunywea, gesi ikapita, taa ikawaka bila ya mtu kugusa kitu. Mwaka 1912 Dalén alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, na mwaka huo huo mripuko wa gesi ulimpofusha.

Taa isiyotaka mtu wa kukesha ni neema kwa baharia, ila nyumba isiyokaliwa hufa. Nilipofika Chumbe kijana, pamoja na ami yangu mvuvi, nyumba ya mlinzi ilikwisha kuwa gofu. Mvua ilitukuta, kuni zikarowa. Mimi ndiye niliyeng'oa mwimo wa mlango, tukachemshia muhogo. Ami akaniuliza, "Na mwenyewe akirudi?" Nikacheka.

Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ilitangaza mwamba wa Chumbe kuwa hifadhi. Gofu halikubomolewa: lilitengenezwa, likaezekwa makuti, likawa ukumbi wa wageni. Waliokuwa wavuvi wakafunzwa kuwa walinzi wa hifadhi, na watoto wa skuli wakawa wanapelekwa huko kujifunza matumbawe. Mwaka 2000 hifadhi ilipata tuzo ya Global 500 ya Umoja wa Mataifa.

Wako wasemao kwamba siku hizi nahodha huongozwa na setilaiti, mnara wa nini? Wao hawajapanda ngalawa usiku, simu imezima chaji. Na mnara ukiachwa, chumvi haimsubiri mtu akate shauri.

Nilirudi Chumbe uzeeni. Nikamweleza mlinzi mmoja, naye mvuvi wa zamani, habari ya ule mwimo. Hakunilaumu. Aliniuliza tu ulikuwa mlango upi, wa mbele au wa jikoni. Nikazunguka nyumba nzima, nisiukumbuke.