Vijana na Kazi ya Kuosha Magari Wakati wa Likizo: Ukunda, Diani na Msambweni



Nimeombwa nizungumzie kazi ambayo mwanafunzi anaweza kuianza likizo ya Aprili, Agosti au Desemba bila kukopa. Nimechagua kuosha magari, na ushauri wangu wa kwanza huenda ukawashangaza: mwacheni mtalii.

Kijana wa Diani akifikiria pesa, macho huelekea ufukweni, kwa wageni wa Agosti na familia za Nairobi zinazoshuka Desemba na vumbi la safari ya karibu kilomita 500. Lakini mgeni hukaa wiki moja akaenda zake. Mwenye tuktuk wa Ukunda yupo mwaka mzima. Chombo chake hubeba watu, samaki na nazi, na abiria mwenye nguo safi huangalia kiti kabla ya kukaa. Huyo ukimridhisha leo, keshokutwa amerudi, na amekuja na mwenzake. Ndivyo walivyo pia watu wa bodaboda, matatu za Likoni, na magari madogo yanayokwenda Msambweni na Lunga Lunga.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Utafiti wa UNICEF wa mwaka 2006 ulionyesha jinsi watoto wanavyodhulumiwa kingono katika utalii wa Pwani, na Diani ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyochunguzwa. Kwa hiyo, kijana asiingie peke yake na ndoo yake ndani ya geti la nyumba ya wageni, hata akiahidiwa malipo mara tatu. Gari lije kwake, mahali pa wazi, mbele ya watu wanaomjua. Sheria ya Ajira ya 2007 inamruhusu mtoto wa miaka 13 hadi 16 kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Shule zikifunguliwa, ndoo zirudi jikoni.

Sasa maji, maana hapa ndipo faida inapopatikana au inapopotelea. Tuchukulie mtungi wa lita 20 umeununua kwa shilingi 20, na gari dogo unaliosha kwa 200. Ukitumia mitungi mitatu na sabuni ya shilingi 15, unabaki na 125. Ukimwaga ovyo mitungi sita, unabaki na 65 kwa jasho lilelile. Andika hesabu hiyo daftarini kila jioni, na maji yawe na ukurasa wake.

Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvi. Gari likikaukia nayo juani hubaki na madoa meupe, na chuma huanza kuliwa na kutu. Osha kwa maji ya kisima ukilazimika, lakini suuza kwa maji matamu, kisha futa papo hapo kwa kitambaa laini. Na kabla ya kugusa rangi kwa sponji, mwagia maji matupu mchanga udondoke. Mchanga wetu mweupe ukisuguliwa hukwaruza bodi. Magurudumu yawe na kitambaa chake. Fanya kazi asubuhi mapema au baada ya alasiri, kivulini. Chini ya mwarobaini panafaa. Mkorosho utomvu wake huacha madoa, na chini ya mnazi sina haja ya kueleza.

Injini usiiguse, ina nyaya. Ufunguo usiushike: huna leseni, na gari likigonga ukuta deni ni la mzazi wako. Lizunguke gari pamoja na mwenyewe kabla hujaanza, muone kila mkwaruzo uliopo. Ukikuta sarafu chini ya kiti, mpe mkononi.

Jambo moja naliomba kwa uchungu. Msioshee magari mtoni wala kando ya kisima. Ardhi ya Diani ni mwamba wa matumbawe wenye matundu. Sabuni na oili zikimwagwa juu huteremka hadi kwenye maji tunayochota. Chagua mahali penye udongo na majani, mbali na visima, na jirani akilalamika, hama.

Wazazi, kijana huyu anawahitaji kwa mambo mawili. Nendeni ofisi ya wadi muulize kuhusu kibali kabla hajaweka kibao barabarani. Na pesa zake zitunzwe kwa jina lake, zisimezwe na matumizi ya nyumba bila yeye kuulizwa. Akinunua sare ya Januari kwa fedha yake, mwacheni aende dukani mwenyewe.

Nanyi wenye magari mliomo humu ukumbini: mtoto wa jirani akikuoshea gari, mlipe siku ileile, bei mliyopatana.