Miaka 17 na Bastola Kiunoni

Hii ni hotuba iliyotolewa na mfanyabiashara mmoja wa kaunti yetu katika kikao cha wakaazi kuhusu usalama. Kwa ajili ya usalama wake na wa familia yake, jina lake halikuchapishwa.



Mwenye bastola kwa kawaida haitangazi. Leo nimekubali kuzungumza kwa sababu Chifu ameniambia kwamba wafanyabiashara wengi, hasa vijana wa maduka ya jumla na wa M-Pesa, humwuliza jinsi ya kupata bastola ya kujikinga. Maswali yao huwa ni mawili: inapatikana wapi, na ni pesa ngapi? Sijasikia anayeuliza kuishi nayo kukoje. Hilo ndilo swali nitakalojibu.

Nilipata cheti mwaka wa 2007. Nilikuwa nikisafiri na pesa za mauzo kwenda mjini, na nilikuwa nimeshavamiwa mara moja barabarani. Bastola niliyonunua ni CZ 75, ile ambayo Wakenya wengi huiita Ceska. Iliundwa na ndugu wawili, Josef na František Koucký, katika mji wa Uherský Brod, nchi iliyokuwa ikiitwa Chekoslovakia, na ilianza kuonekana mwaka wa 1975. Ndiyo maana ya hiyo namba 75. Yangu inatumia risasi za milimita 9, na magazini yake inabeba 15. Ni chuma kitupu, uzito wake ni kama kilo moja kabla hujatia risasi. Fikiria kufunga pakiti moja ya sukari kiunoni kuanzia asubuhi mpaka jioni, kila siku, kwa miaka 17. Mgongo wangu unajua ninachosema.

Hii ni bastola inayojipakia yenyewe. Ukivuta kifyatulio mara moja, risasi moja inatoka. Nguvu ya mlipuko inasukuma chuma cha juu kurudi nyuma, ganda linatupwa nje, na chuma kinaporudi mbele kinaingiza risasi nyingine kwenye chemba. Ile nyundo ndogo ya nyuma inabaki imeinuka. Kwa hiyo mvuto wa kwanza unaweza kuwa mzito, lakini wa pili ni mwepesi sana. Kidole kinachotetemeka kinatosha. Haya mambo mtu hayaoni kwenye sinema.

Jambo jingine ambalo kila mtu hapa anafaa kulijua, hata kama hatashika bastola maishani mwake: kutoa magazini hakumaanishi kwamba bastola ni tupu. Risasi moja inaweza kuwa imebaki ndani ya chemba, na bastola kama yangu italia hata magazini ikiwa mezani. Kwa hiyo mimi hutoa magazini kwanza, kisha ninavuta chuma cha juu nyuma, ninaangalia ndani ya chemba kwa macho, halafu ninapitisha kidole kuhakikisha. Hufanya hivyo hata kama nimeiweka mwenyewe dakika tano zilizopita. Na hata baada ya hapo, mtutu hauelekezwi kwa mtu.

Kuhusu utunzaji, nitasema kwa kifupi. Jasho letu lina chumvi, na chumvi hula chuma. Vumbi la barabara zetu likichanganyika na mafuta huwa kama tope. Mimi huifungua kila wiki, ninaipangusa, ninapitisha kitambaa ndani ya mtutu na kutia mafuta kidogo tu. Springi huchoka na hubadilishwa na fundi aliye na leseni, si fundi wa baiskeli au wa kufuli. Nimeshabadilisha springi kuu na zile za magazini. Chuma chenyewe bado ni kizima. Kwa upande huo sina malalamiko. Bastola iliyotunzwa itamzika mwenyewe.

Lakini chuma ndiyo sehemu rahisi. Sehemu ngumu ni mtu anayekibeba.

Kwanza, sheria. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimpi mtu haki ya kuwa na bunduki kama anavyokuwa na simu. Unaomba, unachunguzwa mwenendo wako, na siku hizi uamuzi hufanywa na Bodi ya Leseni za Silaha. Cheti kinataja silaha gani na risasi ngapi, na lazima kifanywe upya kila baada ya muda uliowekwa. Kinaweza pia kufutwa. Mwezi wa Desemba 2018, Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Fred Matiang'i, aliagiza raia wote wenye silaha wakaguliwe upya katika muda wa siku 90. Nilipanga foleni kama wengine. Namba ya bastola ililinganishwa na ya kwenye cheti, nami nikahojiwa. Kuna waliolalamika. Mimi sikuona ubaya, kwa sababu mtu aliyefaa mwaka wa 2007 huenda asifae mwaka wa 2018. Maisha hubadilisha watu.

Cheti ni cha mtu mmoja. Si cha boma, si cha biashara. Mke wangu haruhusiwi kubeba bastola yangu, wala kijana wangu, hata kama ana miaka 30. Nikifa leo, hakuna anayeirithi kama shamba. Familia yangu inajua kwamba jambo la kwanza ni kuwaita polisi waje kuichukua, na nimewaandikia hivyo kwenye karatasi iliyo pamoja na cheti. Wenye silaha mlio hapa, fanyeni hivyo. Msiwaachie wajane kesi.

Pili, ukiwa na bastola unakuwa mlinzi wa bastola. Watu hudhani inanilinda. Kwa miaka 17, kazi kubwa imekuwa mimi kuilinda yeye. Mhalifu akijua unayo, huenda asitake pesa zako tena. Atataka hiyo silaha, kwa sababu bastola moja iliyoibwa kwangu inaweza kuvamia maduka ishirini. Ndiyo maana haikai ndani ya gari, haiwekwi chini ya mto wala juu ya kabati. Iko mwilini mwangu, imefunikwa na shati, ndani ya ala ngumu inayofunika kifyatulio, au iko ndani ya sefu iliyofungwa kwa bolti ukutani. Hakuna mahali pa tatu. Ikipotea au ikiibwa, ni kituo cha polisi mara moja, si kusubiri uitafute kwanza.

Tangu nipate cheti sijaonja pombe. Harusini nakaa na soda yangu. Mtu akinikanyaga kwenye foleni au akinitusi barabarani, mimi ndiye ninayeomba radhi. Wahenga walisema hasira hasara, na mwenye bastola hasira zake zina hasara isiyolipika. Mwenzangu asiye na silaha anaweza kurushiana maneno na makanga na mambo yakaisha. Mimi nikianza ugomvi, tayari kuna bunduki ndani ya huo ugomvi, hata kama haijaonekana.

Sasa niwaeleze kuhusu usiku mmoja. Wezi walivunja duka la jirani yangu yapata saa nane. Nilisikia bati likitoka. Nilichukua bastola, nikafunga mlango wa chumba, nikawaweka mke na watoto sakafuni nyuma yangu, kisha nikapiga simu polisi na kwa wazee wa Nyumba Kumi. Sikutoka nje. Kupitia dirishani niliona kivuli cha mtu akikimbia uani. Kulipopambazuka tukajua kivuli kile kilikuwa kijana wa jirani, aliyetoka kutafuta msaada. Wezi walikuwa wameshaondoka na unga na sukari.

Baadhi ya watu waliniuliza, "Sasa wewe bunduki ni ya nini?" Nawajibu leo mbele ya wote. Risasi haina macho. Risasi ya milimita 9 hupenya bati na mbao, na nyumba zetu nyingi za kupangisha zimetenganishwa kwa bati na mbao. Nikikosa mwizi, risasi inaendelea hadi chumba cha pili ambako mtoto amelala. Unga na sukari vilinunuliwa tena mwezi huohuo. Yule kijana leo ana mke na mtoto. Bastola ni ya wakati ambapo uhai uko hatarini na njia nyingine zote zimefungwa. Mali si uhai.

Kuna jambo la mwisho ambalo ndilo zito zaidi. Wanaume wenzangu, nisikilizeni. Mwaka wa 2020, wakati wa korona, biashara yangu ilianguka. Madeni yalikuwa mengi, usingizi uliisha, chakula hakikupita kooni. Nilikuwa nakaa peke yangu gizani mpaka alfajiri. Mama watoto alinitazama kwa siku kadhaa, kisha akaniambia, "Baba watoto, peleka hicho chuma kwa polisi mpaka moyo wako utulie." Hakunigombeza, hakuita wazee. Alisema hivyo tu.

Asubuhi ile niliipeleka kituoni, ikahifadhiwa kwenye ghala la silaha, nikapewa stakabadhi. Kisha nikaenda hospitali nikazungumza na mshauri. Bastola ilikaa huko miezi mitano. Kikulacho ki nguoni mwako, na wakati ule nguoni mwangu mlikuwa na bastola. Wazo baya humjia mtu na kupita kama mawingu, lakini likimkuta na silaha mkononi huenda asipate nafasi ya pili ya kufikiri. Kwa hiyo, kama una cheti na umefiwa, umefilisika, ndoa ina moto au hulali, ipeleke. Si aibu. Na wewe mama au ndugu unayeona dalili hizo, sema. Usiogope kwamba utamdharau. Huyo mama aliyeketi pale nyuma alisema, na ndiyo sababu niko hapa nikiongea.

Kwa wakaazi wote, nina maombi machache. Wazazi, wafundisheni watoto: wakiona bunduki au risasi mahali popote, iwe shambani, mtoni au kwa jirani, wasiiguse, waondoke hapo, wamwambie mtu mzima. Mtu mzima naye asiiokote kuipeleka nyumbani; apige 999 au 112, au amwite Chifu. Usimwombe mwenye cheti akuazime silaha, hata kwa usiku mmoja. Mnatafutiana jela nyote wawili. Na yeyote anayejua ilipo bunduki isiyo na kibali, kuna wazee, kuna wahubiri, kuna maimamu na kuna ofisi ya Chifu. Mwezi wa Novemba 2016 serikali ilichoma zaidi ya bunduki 5,000. Bunduki zile zingekuwa bado mikononi mwa watu kama hazingesalimishwa au kunaswa.

Kwa kijana wa duka aliyemwuliza Chifu kuhusu bastola: sikukatazi. Sheria inakuruhusu kuomba. Lakini kabla hujajaza fomu, weka taa za usalama nje ya duka. Weka mlango wa chuma. Usibebe pesa za siku tatu kwa mpigo, wala usipite njia ileile saa ileile. Wajue majirani zako na namba ya kituo uijue kwa kichwa. Mimi nilifanya haya yote baada ya kununua bastola, na nikagundua kwamba ndiyo yaliyonipa usalama. Kwa miaka 17 nimefyatua risasi nyingi katika uwanja wa shabaha, kwa mazoezi. Kwa mtu, sijafyatua hata moja, na kila jioni ninapoifungia kwenye sefu namshukuru Mungu kwa hilo.

Ukishafanya hayo yote na bado unaona unaihitaji, jiulize kama uko tayari kuilinda kila saa, ukiwa na furaha na ukiwa na hasira, ukiwa na pesa na ukiwa huna. Kama jibu ni ndiyo, nenda ofisini na stakabadhi zako. Kama unasita hata kidogo, rudi dukani ukaongeze kufuli.

Nitabaki hapa baada ya kikao kwa yeyote mwenye swali. Bastola sikuja nayo kuwaonyesha, na msiniulize iko wapi.